Sauti Iliyofungwa Katika Picha: Historia ya Video za Skrini za Kuwafunza Watumiaji wa Maktaba na Swali la Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya video za skrini, yaani video ambazo mkutubi hurekodi yanayotokea kwenye skrini ya kompyuta yake huku akieleza kwa sauti namna ya kutafuta vitabu na makala. Historia hiyo haikuanzia kwenye kompyuta. Makala yanaifuata kutoka majaribio ya sinema ya mafunzo huko Vugiri, Tanganyika, mwaka 1935, kupitia slaidi na kanda za sauti za miaka ya 1970, hadi kuzimwa kwa Flash mwishoni mwa mwaka 2020. Hoja yake ni kwamba teknolojia za awali ziliitenga sauti na picha, na kwa hiyo ziliiachia nafasi lugha ya mtazamaji, ilhali video ya skrini iliviunganisha viwili hivyo na kuifunga sauti ndani ya faili. Kwa maktaba za Afrika Mashariki, swali la nani anayeitunza matini ya maelezo, na kwa lugha gani, ni zito kuliko swali la programu ipi itumike kurekodi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayetafuta makala katika hifadhidata ya chuo chake hukutana na skrini kabla ya kukutana na mkutubi. Skrini hiyo ina visanduku, vitufe na orodha ambazo mkutubi alijifunza kwa miaka kadhaa, naye mwanafunzi anatakiwa kuzielewa kwa dakika chache, mara nyingi usiku, akiwa mbali na maktaba. Ili kumsaidia, maktaba nyingi duniani zimezoea kutengeneza video za skrini: mkutubi hufungua programu ya kurekodi, huandika neno la kutafuta, hupeleka kishale hadi kwenye kitufe, hubofya, na wakati huohuo hueleza anachofanya na sababu yake. Kinachopatikana ni faili ya dakika tatu au tano ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama tena na tena bila kumwonea haya mkutubi kwa kuuliza mara ya nne.

Nchini Uganda umuhimu wa faili kama hizo ulidhihirika wakati wa janga la UVIKO-19. Taasisi za elimu zilifungwa Machi 2020. Vyuo vikuu vilirejea kwa awamu, na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko ilivyokuwa katika nchi nyingine yoyote. Ni rahisi, kwa hiyo, kuzizungumzia video za mafunzo kama jambo lililoletwa na janga, na kuzipangia bajeti kama mtu anunuavyo dawa ya ugonjwa mpya. Mtazamo huo una hasara. Unasahau kwamba eneo letu lilikwisha kuwa uwanja wa majaribio ya kufundisha kwa picha takriban miaka 90 iliyopita, na kwamba matatizo yanayotusumbua leo (lugha, gharama, na kuchakaa kwa mafunzo kabla ya wanafunzi kuyafikia) yalijitokeza yote wakati huo.

Kuhusu istilahi, makala yanatumia "video ya skrini". Neno "kiwambo" lingefaa pia, na lina watetezi wake, lakini watumiaji wa maktaba wa eneo letu husema skrini, na makala haya yanawahusu wao. Neno "matini ya maelezo" linatumika kwa maana ya maneno yote yanayosemwa katika video, yakiwa yameandikwa.

2.0 Vugiri: picha moja, sauti nyingi

Mwezi Machi 1935, katika milima ya Usambara, ulianza mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment. Uliandaliwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha zilizotoka kwa kiasi kikubwa kwenye Shirika la Carnegie la New York, ukasimamiwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi ulipomalizika mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35 hivi, nyingi zikiwa za kufundisha: kilimo, afya, ushirika, kuweka akiba. Filamu zilipelekwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, zikaoneshwa mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuona sinema.

Kinachotuhusu hapa ni upande wa ufundi. Filamu za Vugiri zilikuwa za milimita 16 na hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yalirekodiwa kando, kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili, Kiganda, Kikuyu, Kijaluo na lugha nyingine za eneo. Picha ilikuwa moja. Sahani zilikuwa nyingi. Msafara ulipohama kutoka eneo la lugha moja kwenda la lugha nyingine, ilibadilishwa sahani, na filamu ikabaki ileile.

Utaratibu huo ulikuwa na taabu zake. Sauti ya sahani na picha ya filamu huenda sambamba kwa bahati na kwa uangalifu. Filamu ikikatika na kuungwa, fremu chache hupotea na maneno huanza kuitangulia au kuifuata picha. Mtazamaji husikia habari ya kwato huku akitazama pembe. Lakini upo ukweli mwingine ambao wanahistoria wa sinema ya kikoloni hawajautilia maanani ipasavyo: kwa kuwa sauti haikufungwa ndani ya picha, lugha ya mtazamaji ilikuwa na mahali pake tangu mwanzo. Haikuwa nyongeza iliyosubiri fedha zibaki.

Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1939 na kuongozwa na William Sellers, kilikwenda mbali zaidi. Magari yake ya sinema yalibeba kipaza sauti, na karibu nacho alisimama mfasiri aliyeeleza filamu kwa lugha ya wasikilizaji palepale. Mfasiri huyo alikuwa na uwezo ambao sahani haikuwa nao: aliweza kuona kwamba watu hawajaelewa, akarudia, aliulizwa swali, akajibu, alitaja jina la kijiji walichomo badala ya jina lililomo kwenye filamu. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa akiyafanya mafunzo yawe ya mahali pale.

Haifai kuipamba historia hii. Sellers aliamini kwamba Waafrika hawangeweza kufuata filamu ya kawaida, akaagiza picha ziende polepole, kila picha iwe na jambo moja, na kisiwepo chochote cha kuvuruga macho. Dai hilo lilijengwa juu ya dharau, na watafiti wamelikosoa inavyostahili. Hata hivyo ni vigumu kutotabasamu mtu asomapo miongozo ya sasa ya kutengeneza video za skrini kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya na Marekani: nenda polepole, onesha jambo moja kwa wakati mmoja, ondoa kila kisichohitajika kwenye skrini. Sababu inayotolewa sasa ni mzigo wa akili unaombebesha kila binadamu anayejifunza jambo jipya, awe wa Illinois au wa Iganga.

Filamu za Vugiri zilizosalia ni chache mno. Tunachokijua kuhusu mradi huo tunakijua zaidi kutokana na ripoti iliyochapishwa na waendeshaji wake mwaka 1937. Celuloidi ilipotea, karatasi ikabaki.

3.0 Slaidi na kanda: mafunzo yanayoweza kutengenezwa upya

Maktaba zenyewe zilichelewa kuingia katika ufundishaji wa picha. Mtumiaji alifundishwa kwa ziara: kundi la wanafunzi wapya liliongozwa kutoka kabati la katalogi hadi rafu za marejeo, likaoneshwa mlango wa kutokea. Vyuo vikuu vilipopanuka baada ya miaka ya 1960, ziara hizo ziliwashinda wakutubi kwa wingi wake. Katika eneo letu, ni wakati huohuo ndipo ilipoanzishwa Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki huko Makerere, mwaka 1963, iliyowafunza wakutubi wa Uganda, Kenya na Tanganyika, na hivyo kulifanya suala la kumfunza mtumiaji kuwa sehemu ya taaluma badala ya hisani ya mkutubi mwenye moyo.

Suluhisho lililoenea lilikuwa slaidi zinazoambatana na kanda ya sauti. Huko Massachusetts, katika maktaba ya uhandisi ya MIT, mradi ulioendeshwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 uliweka mashine ndogo za sauti na slaidi kando ya vitabu vya fahirisi vilivyokuwa vigumu kutumia. Msomaji hakufundishwa mwanzoni mwa mwaka, akasahau. Alifundishwa akiwa amesimama mbele ya kitabu chenyewe, kwa dakika chache, pale alipokihitaji. Wazo hili la kufundisha penye haja ndilo mzazi halisi wa video ya skrini, kuliko sinema.

Nchini Uingereza, chama cha maktaba za taifa na za vyuo vikuu, SCONUL, kiliratibu katika miaka ya 1970 mpango ambao maktaba mbalimbali ziligawana kazi: moja ilitengeneza slaidi na kanda kuhusu fahirisi za kemia, nyingine kuhusu machapisho ya serikali, na zote zikatumia za wenzao. Mpango huo unastahili kukumbukwa na washauri wa sera kwa sababu mbili. Kwanza, ulitambua kwamba sehemu kubwa ya yale ambayo maktaba hufundisha ni yaleyale katika kila chuo. Pili, ulitumia chombo kinachoweza kutengenezwa. Fahirisi ikibadilika, mkutubi hutoa slaidi ya 14, huweka nyingine, na hurekodi upya sentensi moja au mbili. Mafunzo mazima hayatupwi.

4.0 Skrini yajirekodi

Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonesha wataalamu wa kompyuta, kwa muda wa dakika 90, mfumo ambao ndani yake kulikuwa na kipanya, viungo kati ya matini, na kazi ya pamoja kwa mbali. Picha ya skrini yake ilikuzwa mbele ya ukumbi huku sauti yake ikieleza kila alichokifanya, na tukio zima likarekodiwa. Tukitafuta video ya skrini ya kwanza yenye maana, hiyo ina haki ya kudai cheo hicho. Lakini ilihitaji kamera, mafundi na mitambo ambayo hakuna maktaba ingeweza kuinunua.

Programu za kurekodi skrini kwa kompyuta ya kawaida zilipatikana katikati ya miaka ya 1990. Lotus ScreenCam ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Maktaba hazikuzikimbilia. Mafunzo ya mtandaoni yaliyosifiwa zaidi mwishoni mwa muongo huo, TILT ya Chuo Kikuu cha Texas huko Austin (1999), yalikuwa kurasa za wavuti zenye maswali na mazoezi. Hayakuwa video. Yalitolewa kwa leseni iliyoziruhusu maktaba nyingine kuyachukua na kuyabadilisha, na zikafanya hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Camtasia na Captivate ziliurahisisha urekodi kiasi kwamba mkutubi asiye fundi aliweza kuufanya peke yake. Mwaka 2004 mwandishi wa habari za kompyuta Jon Udell aliwaomba wasomaji wake jina la aina hii ya video, na jina lililochaguliwa ndilo linalotumika kwa Kiingereza hadi sasa. Mwaka 2005 ikaja YouTube, iliyoondoa tatizo la mahali pa kuweka faili. Mwaka 2007 kampuni ya TechSmith ikatoa Jing, programu ya bure iliyokuwa na sharti moja: kila rekodi isizidi dakika tano.

Sharti hilo la kibiashara liliiunda tanzu. Wakutubi waliozoea kusema kwa saa nzima walijikuta wakilazimika kuchagua: je, leo nitafundisha kutafuta kwa jina la mwandishi, au nitafundisha kuchuja kwa mwaka? Utafiti wa baadaye ulikuja kuwaunga mkono. Guo na wenzake (2014), waliochunguza takriban vipindi milioni 6.9 vya utazamaji katika kozi za edX, walikuta kwamba muda wa kati ambao mwanafunzi huendelea kutazama hauzidi dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Bowles-Terry, Hensley na Hinchliffe (2010) walikuwa tayari wamewahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois kuhusu kasi, urefu na mwonekano wa video za maktaba, na, jambo ambalo wengi hulisahau, kuhusu iwapo wangependelea maelezo yaliyoandikwa.

Katika furaha hiyo jambo moja lilipita bila kujadiliwa. Picha na sauti sasa vilitoka pamoja, katika faili moja. Ili kubadilisha sentensi, mkutubi alihitaji faili ghafi ya mradi na programu ileile iliyoitengeneza. Aliyepokea video iliyokamilika hakuweza kubadilisha chochote. Huko Kanada, muungano wa maktaba za vyuo vikuu vya magharibi, COPPUL, ulilitambua tatizo hili mapema. Mradi wake uliojulikana kwa kifupisho ANTS ulizihimiza maktaba kugawana video pamoja na faili ghafi ili wengine wazirekebishe. Wazo lilikuwa lilelile la SCONUL, lakini chombo kilikuwa kigumu zaidi kukitengeneza.

5.0 Gharama ya dakika tano

Hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti ya kimataifa. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu Julai mwaka huo, TEAMS ukafika Mombasa mwaka uleule, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2002, programu ya HINARI ilikuwa imezifungulia taasisi za afya za nchi zenye kipato kidogo majarida ambayo hazingeweza kuyanunua. Kwa miaka saba, basi, mtafiti wa Mbarara au Bujumbura alikuwa na haki ya kusoma jarida, lakini video ya kumfundisha namna ya kulifikia ilikuwa nzito kuliko jarida lenyewe.

Mikongo ilipunguza tatizo, haikuliondoa. Nchini Uganda, kodi ya shilingi 200 kwa siku iliwekwa juu ya mitandao ya kijamii Julai 2018. Ilipofutwa mwaka 2021, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Sheria ilisamehe data inayotumika kwa huduma za elimu na tiba, msamaha wenye nia njema. Lakini mwanafunzi anayenunua bando dukani kwa simu yake hanunui "data ya elimu", hununua data. Video ya dakika tano ya ubora wa wastani humla makumi ya megabaiti. Kwa WhatsApp, ambako kwa miaka mingi video haikuruhusiwa kuzidi megabaiti 16, dakika hizo tano hupunguzwa ubora mpaka herufi za skrini zisisomeke, na video ya skrini isiyosomeka haina faida kwa mtu.

Hapa ndipo matokeo ya tafiti za edX yanapohitaji tahadhari. Dakika 6 za mwanafunzi ambaye hajali gharama ya intaneti si sawa na dakika 6 za yule anayeliona bando lake likipungua. Huyu wa pili huenda akaacha kutazama mapema zaidi; huenda pia akatazama hadi mwisho kwa kuwa amekwisha kulipa. Makala haya hayadai kulijua jibu la hilo, ila yanasema swali hilo halijibiwi kwa takwimu za mahali pengine.

6.0 Januari 2021

Camtasia, Captivate na hasa Jing ya bure zilitoa kazi zake kwa umbizo la Flash. Lilikuwa umbizo jepesi, lililofunguka katika kila kivinjari. Tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe iliacha kulihudumia, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yake ikazuia maudhui ya Flash yasifunguke. Jing yenyewe ilikuwa imekwisha kusitishwa mwaka 2020.

Tarehe hiyo ilifika wakati maktaba nyingi duniani zilikuwa zimefungwa na mafunzo ya mbali ndiyo pekee yaliyobaki. Video ambazo hazikuwa zimehamishiwa umbizo jingine ziligeuka kuwa visanduku vya kijivu. Waliokuwa na faili ghafi waliweza kutoa nakala mpya. Waliokuwa na nakala ya mwisho tu walibaki na mchanganyiko wa viigizi vya Flash vilivyotengenezwa na watu wa kujitolea. Na waliokuwa wameiandika matini ya maelezo kabla ya kurekodi waliketi chini, wakafungua toleo jipya la hifadhidata, wakasoma tena.

Ikumbukwe pia kwamba Flash iliua video kwa siku moja, ilhali mabadiliko ya sura ya programu huziua kidogokidogo kila mwezi. Hifadhidata huhamisha kitufe kutoka kushoto kwenda kulia. Chuo hubadilisha ukurasa wa kuingilia. Nembo hupakwa rangi mpya. Mtumiaji mzoefu hapotei. Mgeni, ambaye ndiye aliyetengenezewa video, huona kwamba anachooneshwa hakifanani na kilicho mbele yake, na hudhani kosa ni lake.

7.0 Kitufe kimeandikwa Kiingereza

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikipitisha kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021, na Baraza la Mawaziri la Uganda likafanya vivyo hivyo kwa nchi yake Julai 2022, mwaka ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya. Mtu angetarajia kwamba video za maktaba zingekuwa mahali pepesi pa kuanzia utekelezaji, kwa kuwa hazihitaji mtaala mpya wala mtihani. Mkutubi anayejaribu, hata hivyo, hukutana na ugumu katika sekunde kumi za kwanza.

Skrini imeandikwa "Search". Je, aseme "bofya Tafuta", neno ambalo mtazamaji halioni popote? Au aseme "bofya Search", na baada ya vitufe vitano awe anazungumza Kiingereza chenye viunganishi vya Kiswahili? Wafasiri wa magari ya sinema walikabiliwa na jambo hili walipoeleza mashine zisizo na jina katika lugha yao, nao walikuwa na njia: walitaja mahali kitu kilipo, umbo lake na kazi yake, kisha jina lake la kigeni mara moja. Kwa mfano: "Upande wa kulia wa kisanduku kuna kitufe cha buluu kilichoandikwa Search, hicho ndicho cha kutafutia. Kibofye." Kuanzia hapo msemaji aweza kusema kitufe cha kutafutia bila kumpoteza mtu. Sentensi ni ndefu, na ni lazima picha isubiri. Huo ni uamuzi wa kufanywa kabla ya kurekodi. Video iliyopangwa kwa mwendo wa Kiingereza haina ukimya wa kutosha kuipokea sauti ya Kiswahili, na ndiyo maana kubandika tafsiri baadaye hutoa msemaji anayekimbia.

Tatizo la pili ni letu wenyewe. Wengine husema bofya, wengine bonyeza; kipanya au puku; nywila au nenosiri; kompyuta, tarakilishi, ngamizi. Mwanafunzi wa Goma au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa anayajua mambo hayo kwa majina mengine kabisa. Kazi za awali zipo: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ukiwa umelazimika kuamua istilahi za mamia ya vitufe na orodha. Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows XP. Istilahi hizo zilitungwa kwa ajili ya macho. Hazikujaribiwa masikioni, katika sentensi inayosemwa kwa kasi ya kishale kinachotembea, na baadhi yake hazitamkiki kwa urahisi huo.

8.0 Matini kwanza

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba maktaba za eneo letu zisianze kwa kununua programu ya kurekodia. OBS Studio ni ya bure na inatosha. Zianze kwa kuandika.

Matini ya maelezo ya dakika tano ina maneno yapatayo 600. Ikihifadhiwa kama maandishi matupu haifiki kilobaiti kumi. Hupita kwa barua pepe, kwa WhatsApp, hata kwa karatasi. Ikigawanywa kwa hatua, kila hatua ikiwa na namba, hurudia sifa ya slaidi za SCONUL: skrini ikibadilika, hubadilishwa hatua ya 4 peke yake. Ikiwekewa alama za muda, huwa maandishi ya chini ya picha, ambayo humfaa asiyesikia na humfaa pia anayetazama bila sauti ndani ya taksi. Na mwanafunzi asiye na bando la kutazama video anaweza kuisoma na kufuata hatua zilezile, akawa hajakosa lolote la msingi.

Upande wa programu yenyewe, maktaba nyingi za eneo hili hutumia Koha, programu huria iliyoanza kazi katika maktaba ya New Zealand mwanzoni mwa mwaka 2000. Maneno ya skrini yake hutafsiriwa katika faili zilizo wazi kwa yeyote. Istilahi itakayoamuliwa kwa ajili ya matini ya maelezo iingizwe humo pia, ili sauti na kitufe vitumie neno moja. Kwa hifadhidata za kibiashara hilo haliwezekani, na mtindo wa wafasiri wa sinema utaendelea kuhitajika.

Nani ashike kazi? Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake Kampala. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina yake Zanzibar. La kwanza linavijua vyuo na maktaba zake, la pili lina mamlaka ya lugha. Chombo kimoja kikifanya peke yake tutapata ama video nzuri zenye Kiswahili kibovu, ama orodha nzuri ya istilahi ambayo hakuna mkutubi aliyewahi kuisoma kwa sauti. Hazina ya pamoja ya matini, iliyo wazi kwa leseni inayoruhusu kubadilisha, haihitaji jengo wala seva kubwa. Inahitaji mhariri mmoja anayelipwa, kwa sababu kazi hii haiishi: ni lazima mtu afungue kila matini walau kila muhula, aifuate hatua kwa hatua mbele ya skrini, na arekebishe palipohama.

Orodha ya kwanza yaweza kuwa fupi: kuingia kwenye akaunti ya maktaba ukiwa nje ya chuo, kutafuta kitabu katika katalogi, kupata matini kamili ya makala iliyopatikana kama kichwa tu, na kuirejelea. Hizi ni matini nne, za maneno 600 kila moja, zisomwe kwa sauti na wakutubi wa Kampala, Kigali, Bujumbura, Goma, Mombasa na Dodoma kabla ya yeyote kubonyeza kitufe cha kurekodi, au kukibofya.